Utangazaji wa habari runingani: Mtaka cha mvunguni sharti ainame

NA MWANDISHI WETU

KILA itimiapo saa moja jioni, familia nyingi nchini huketi mbele ya runinga kutazama taarifa ya habari kwa Kiswahili. Saa tatu usiku hufuata ile ya Kiingereza. Ratiba hii imekita mizizi kiasi kwamba kuna nyumba ambamo chakula hakipakuliwi mpaka vichwa vya habari visomwe.

Miongoni mwa watazamaji hao wamo vijana wa shule za upili na wa vyuo ambao macho yao yamo kwa msomaji kuliko kwa habari. Huitazama suti yake, huisikiliza sauti yake na namna anavyowakaribisha wageni studioni. Wengi huamua papo hapo kwamba hiyo ndiyo kazi waitakayo, na wazazi wao huuza ng'ombe au kukopa katika chama ili wawalipie karo ya kozi ya uanahabari.

Ndoto hiyo haina kosa. Kasoro ni kwamba kinachoonekana kwenye kioo ni hatua ya mwisho ya kazi ndefu, ilhali wengi huilenga hatua hiyo pekee. Kiti cha msomaji ni kimoja, pengine viwili, katika kila taarifa. Nafasi nyingine zote zimo nyuma ya kamera, na humo ndimo mwanahabari anamofundwa.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo ilivyo, njia za kuiingilia, na mambo ambayo kijana na mzazi wake wanafaa kuyapima kabla ya kutoa shilingi yao ya kwanza.

TASNIA ILIVYOKUA

Runinga ilianza nchini 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mnamo 1964 serikali ililitaifisha shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya (VOK), jina lililodumu hadi 1989 liliporejea kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC). Katika kipindi hicho chote, aliyetaka kutangaza habari runingani humu nchini alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha.

KTN ilivunja ukiritimba huo ilipoanza kupeperusha matangazo 1990. Nation TV, ambayo sasa ni NTV, ilifuata mwishoni mwa 1999, nayo Citizen ikazinduliwa upya katikati ya miaka ya 2000. Mitambo ya analojia ilipozimwa 2015 na nchi kuhamia mfumo wa dijitali, vituo viliongezeka mno, vikiwemo vinavyotangaza kwa lugha za mama.

Mtu angetarajia ajira ziongezeke kwa kiwango hicho hicho. Haikuwa hivyo. Fedha za matangazo ya biashara, ambazo ndizo hulipa mishahara katika vituo vya kibinafsi, ziligawanywa miongoni mwa vituo vingi zaidi, huku nyingine zikihamia kwenye intaneti. QTV, kwa mfano, ilifungwa 2016. Tangu hapo mashirika kadhaa makubwa ya habari yamepunguza wafanyakazi, mengine zaidi ya mara moja.

Kwa hivyo, anayeingia katika tasnia hii leo anaingia katika soko lenye wauzaji wengi na wanunuzi wachache. Cheti pekee hakitamtenga na wenzake. Kitakachomtenga ni kazi anayoweza kuifanya siku ya kwanza bila kushikwa mkono.

SAFARI YA HABARI MOJA

Siku katika chumba cha habari huanza kwa mkutano wa wahariri. Hapo huamuliwa habari za kufuatiliwa, nani aende wapi na mpigapicha yupi aandamane naye. Mwanahabari anayeingia mkutanoni bila wazo lake hupewa lile aliloliwaza mwingine. Akiizoea hali hiyo, hugeuka tarishi.

Nyanjani, mwanahabari na mpigapicha hutegemeana. Mpigapicha hutafuta picha za mbali zinazoonyesha mahali, za karibu zinazoonyesha nyuso na mikono, na sauti za mahali penyewe, kama vile kelele za soko au mngurumo wa mto uliofurika. Mwanahabari huuliza maswali, huandika majina kwa tahajia sahihi, na kumtafuta anayelaumiwa ili naye ajieleze.

Kisha mwanahabari huandika maelezo na kuyarekodi kwa sauti yake. Mhariri wa habari huyapitia. Mhariri wa video huunganisha picha na sauti. Mtayarishaji huamua habari hiyo itakuwa ya ngapi katika taarifa na itachukua sekunde ngapi. Jioni, mwelekezi wa matangazo huongoza kamera na sauti kutoka chumba cha mitambo. Ni baada ya hao wote ndipo msomaji anapotamka sentensi mbili tatu za utangulizi.

Habari iliyowashughulisha watu hao kutwa nzima mara nyingi haizidi dakika mbili. Kila mmoja wao anaweza kuiokoa au kuiharibu.

Ndiyo maana kijana anaposema anataka kuwa mtangazaji, anafaa kuulizwa ni ipi kati ya kazi hizo anaweza kuifanya kesho asubuhi. Anayeweza kupiga picha, kuzihariri na kuandika maelezo yake mwenyewe ana milango mitatu ya kuingilia. Anayeweza kusoma tu ana mmoja, na foleni yake ni ndefu.

LUGHA NDIYO MTAJI

Wengi wa wanaotaka kutangaza kwa Kiswahili hudhani kwamba lugha hiyo wanaijua kwa kuwa wanaizungumza. Hapo ndipo wanapojikwaa. Taarifa nyingi zinazofika katika chumba cha habari, kuanzia za polisi na mahakama hadi za wizara, huandikwa kwa Kiingereza. Mwanahabari huwa na dakika chache za kuzigeuza ziwe Kiswahili kinachosikika kama Kiswahili.

Asiyekuwa na msamiati hutafsiri neno kwa neno. Husema mkutano "ulichukua nafasi" badala ya kusema ulifanyika, au husema "mwisho wa siku" akikusudia hatimaye. Mtazamaji wa Lamu au Kwale husikia maneno anayoyajua yakitamka jambo asilolielewa.

Makosa mengine huumiza watu. Mshukiwa ni yule anayeshukiwa, pengine hata hajafikishwa mahakamani. Mshtakiwa amesomewa mashtaka, lakini kesi yake haijaamuliwa. Ni baada ya mahakama kumpata na hatia ndipo anapoweza kuitwa mhalifu. Msomaji anayemwita mshukiwa "mwizi" saa moja jioni amemhukumu mbele ya jirani zake, mwajiri wake na wanawe. Mahakama ikimwachilia baada ya miaka miwili, huenda kituo hicho kisiwe na nafasi ya habari hiyo.

Chukua pia sentensi ambayo Wakenya wameisikia mara nyingi: "Polisi wamewaua majambazi watatu." Anayejuaje kwamba walikuwa majambazi? Mwanahabari makini husema watu watatu wameuawa kwa kupigwa risasi na polisi, na kwamba polisi wanadai walikuwa majambazi. Kisha huwatafuta jamaa za waliouawa na walioshuhudia. Tofauti ya sentensi hizo ni maneno machache, lakini moja imeifunga kesi na nyingine imeiacha wazi ichunguzwe.

Hata saa huwatatiza wanagenzi. Ripoti ya polisi ikisema tukio lilitokea saa 0300, hiyo ni saa tisa usiku kwa Kiswahili. Anayesoma "saa tatu" ameusogeza uhalifu kwa saa sita, na huenda akawa amempa mtu sababu ya kushukiwa au ya kuachiliwa.

Aidha, Kiswahili kina urefu wake. Neno moja kama "hawatatusomesha" hubeba yale ambayo Kiingereza huyasema kwa maneno matano. Kwa sababu hiyo, kuhesabu maneno hakumsaidii anayeandikia runinga. Dawa ni kusoma kwa sauti huku saa ikienda, kisha kupunguza. Sentensi inayomkatisha msomaji pumzi ni ndefu mno.

Kanuni nyingine ni kutosema kile ambacho picha imekwisha kukisema. Mtazamaji akiona daraja limevunjika, hana haja ya kuambiwa kwamba limevunjika. Anataka kujua lilivunjika lini, nani alilijenga, kwa fedha za nani, na watoto watavuka wapi kesho wakienda shuleni.

PICHA NA UVUMILIVU

Kuhusu uzito wa kazi ya nyuma ya kamera, Kenya ina mfano ambao ulimwengu mzima unaujua. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi 1943 na kuanza kupiga picha akiwa mwanafunzi jijini Dar es Salaam. Mnamo 1963, akiwa bado kijana mbichi, alianzisha kampuni yake ya Camerapix.

Oktoba 1984, picha alizozipiga Korem nchini Ethiopia, zikiandamana na maelezo ya mwanahabari Michael Buerk wa BBC, ziliuonyesha ulimwengu baa la njaa lililokuwa likiangamiza watu nchini humo. Picha hizo ziliamsha misaada mikubwa na kuchochea tamasha za Live Aid za Julai 1985. Watazamaji wengi walioguswa nazo hawakuijua sura ya aliyezipiga.

Amin alipoteza mkono wake wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha jijini Addis Ababa 1991, akarejea kazini akiwa na mkono wa bandia. Alifariki Novemba 1996 ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na visiwa vya Comoro.

Hakuna anayemtaka kijana apoteze mkono. Somo ni kwamba habari ile kuu haikuanzia studioni. Ilianzia kwa mtu aliyekwenda mahali, akatazama kwa makini na kurejea na ushahidi.

Vivyo hivyo, baadhi ya waliotamba kwenye runinga walinolewa kwanza redioni, ambako sauti na lugha hazina sura ya kujifichia. Marehemu Catherine Kasavuli, aliyefariki Desemba 2022 na ambaye Wakenya wengi humkumbuka kwa taarifa za KTN, alianzia katika redio ya VOK. Hadi leo redio za mashinani ni shule nzuri, na huchukua wanagenzi kwa urahisi kuliko vituo vikubwa vya Nairobi.

MASOMO NA MLANGO WA KWANZA

Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya (KIMC) iliyoko South B, Nairobi, imekuwa ikifundisha watangazaji na mafundi wa mitambo tangu 1961. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha uanahabari 1970. Vyuo vikuu vingine kama vile Daystar, Moi na Maseno pia hutoa masomo hayo, mbali na vyuo vingi vya kati.

Kabla ya kulipa karo, mzazi anafaa kuuliza maswali manne. Je, kozi hii imeidhinishwa na mamlaka husika? Je, kuna kamera ngapi, na mwanafunzi atazishika mara ngapi kwa muhula? Je, wanaofundisha wamewahi kufanya kazi katika chumba cha habari? Je, wanafunzi wa mwaka jana walipata wapi nafasi za kujifunza kazini? Chuo kisichoweza kujibu kinauza vyeti.

Shahada ya uanahabari si njia pekee. Aliyesomea sheria, uchumi, afya au kilimo, akajifunza kuandika na kupiga picha, huwa na faida kubwa, kwani anajua anachokiuliza. Bajeti inaposomwa Juni, mhariri humtafuta anayeweza kuzifafanua takwimu, na watu hao ni haba.

Nafasi ya kujifunza kazini ndiyo mlango wa kwanza kwa wengi. Mara nyingi haina malipo, au ina nauli tu, na hudumu miezi mitatu hivi. Anayefika mapema, akasikiliza, akaleta mawazo ya habari na kukubali kusahihishwa hukumbukwa nafasi inapotokea. Anayeshinda akijipiga picha studioni pia hukumbukwa, lakini kwa sababu nyingine.

Baadhi ya watu huutumia vibaya mlango huu. Hakuna mwajiri wa halali anayemwomba mwanagenzi pesa ili ampe kazi, wala anayemtaka kimapenzi ili amweke mbele ya kamera. Jambo kama hilo ni uhalifu. Kijana anapaswa kuhifadhi ujumbe aliotumiwa, kumweleza mtu anayemwamini na kupiga ripoti.

Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya hutoa kitambulisho cha wanahabari kwa waliohitimu, na huwa na utaratibu wa wanafunzi pia. Kitambulisho hicho husaidia sana mbele ya afisa wa polisi au bawabu wa hospitali.

Kuhusu malipo, kijana asidanganyike. Wanahabari wengi wa mashinani hawana mshahara. Hulipwa kwa kila habari iliyotumika, na isiyotumika humezwa na nauli. Umaskini huo ndio humfanya mtu apokee bahasha kutoka kwa mwanasiasa baada ya mkutano, na akishaipokea, hawezi tena kumuuliza swali gumu. Ni vyema kuusoma mkataba kabla ya kuutia saini, na kuwa na ujuzi wa pili wa kujikimu katika miaka ya mwanzo.

SHERIA NA HATARI

Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 hulinda uhuru wa vyombo vya habari, na cha 35 humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya 2016 kuhusu haki hiyo huzipa ofisi za umma siku 21 za kujibu ombi, na saa 48 iwapo uhai au uhuru wa mtu umo hatarini. Wanahabari wachache wanagenzi huitumia, ilhali haihitaji ujuana wala bahasha.

Hata hivyo, uhuru ulioandikwa bado unapaswa kupiganiwa. Machi 2006 maafisa wa usalama waliokuwa wameficha nyuso walivamia mitambo ya KTN na kuizima. Januari 30, 2018, matangazo ya Citizen, NTV na KTN yalizimwa kwa siku kadhaa kuhusiana na kuapishwa kwa Raila Odinga, kiongozi wa upinzani wakati huo, katika bustani ya Uhuru Park. Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo vikome kuonyesha maandamano moja kwa moja, na Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo.

Wanahabari pia wamejeruhiwa wakiripoti maandamano ya 2024 na 2025. Anayeanza anafaa kujua kwamba hakuna picha yenye thamani ya uhai wake, na kumuuliza mwajiri mapema kuhusu vifaa vya kujikinga, bima na usafiri wa usiku.

Kwa upande mwingine, mwanahabari naye anaweza kuhatarisha maisha ya wengine. Katika shambulio kama lile la Westgate la Septemba 2013, picha za moja kwa moja zinazoonyesha walikojificha raia au walipo maafisa zinaweza kuwafikia washambulizi. Jina la marehemu likitajwa hewani kabla ya jamaa kujulishwa, mama hupata habari za mwanawe kutoka kwa mgeni. Sura ya mtoto aliyenajisiwa haifai kuonekana, wala ya mzazi wake, kwani kijiji kizima kitamtambua.

Siku hizi kuna mtihani mwingine. Kila mwenye simu hurekodi video, na programu za akili unde zinaweza kumtungia mtu maneno ambayo hajawahi kuyatamka. Video ikifika katika chumba cha habari, mtu fulani lazima aulize ilirekodiwa wapi, lini na nani, na kama mahali panapoonekana ndipo panaposemwa. Mara nyingi mtu huyo huwa mwanagenzi aliyekabidhiwa zamu ya usiku. Wenzake wakimhimiza aharakishe kwa kuwa kituo pinzani kimeshairusha, ajasirishe moyo aseme bado. Kuchelewa kwa dakika kumi husahaulika, lakini uongo uliorushwa hewani hauna wa kuurudisha.

PA KUANZIA LEO

Kijana asiyekuwa na karo wala jamaa katika tasnia anaweza kuanza akiwa kijijini kwao. Kwa miezi mitatu, atazame taarifa za vituo viwili kila jioni, aandike ni habari ipi iliongoza katika kila kimoja, na ajiulize ni kwa nini. Asome gazeti la Kiswahili kwa sauti kila siku, akiweka alama kwenye kila neno asilolijua.

Kisha achague jambo moja la mahali anapoishi, mathalan zahanati isiyo na dawa au kisima kilichokauka. Alirekodi kwa simu, amhoji mwathiriwa na afisa anayehusika, aandike maelezo ya dakika moja na nusu, na kumwomba mwalimu wa Kiswahili amsahihishe. Aifanye kazi hiyo mara kumi, kila mara kuhusu jambo jipya.

Siku atakapoitwa kwa mahojiano, atakuwa na habari kumi za kuonyesha, huku wengi wakiwa na picha za suti. Na hata asipoitwa, huenda dawa zikawa zimefika katika zahanati hiyo kwa sababu kuna mtu aliyeuliza.